Saratani ya ngozi na vitamini D: msimrudishe mgonjwa juani

Mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, uko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta. Kila mita 1,000 unazopanda, miale ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi, huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Hata hivyo, ukipita Kadutu, mojawapo ya mitaa ya mji huo, utasikia watu wakimwambia mwenye ualbino aliyetoka kukatwa uvimbe wa saratani ya ngozi: "Dada, usijifunike sana, utakosa vitamini."

Dhana: Ukikaa juani zaidi, unapata vitamini D zaidi.

Hapana. Miale ya UVB, aina mojawapo ya urujuanimno, huigusa kolesteroli fulani iliyo ndani ya ngozi na kuigeuza kuwa kianzio cha vitamini D. Jua likiendelea kupiga, kianzio hicho nacho huvunjwa na miale ileile, kikawa vitu visivyo na kazi. Ngozi imeshiba. Lakini uharibifu wa DNA, yaani chembe za urithi, haushibi, unaendelea mpaka uingie kivulini. Mama anayeuza samaki wadogo wa sambaza juani tangu asubuhi hadi jioni hajibebei vitamini ya kutwa nzima. Ngozi nyeusi huchelewa kufika hapo kwa sababu melanini, yaani rangi ya ngozi, huzuia miale; ya mwenye ualbino hufika upesi sana. Kumwambia aote jua "kidogo tu" ni kumwongezea hatari bure.

Dhana: Jua la asubuhi ndilo lenye vitamini.

Saa moja asubuhi jua bado liko chini, na sehemu kubwa ya UVB imezuiwa angani. Tazama kivuli chako: kikikuzidi urefu, unaota joto tu. Kikiwa kifupi, vitamini ipo, na kuungua kupo.

Mawingu je? Yakiwa mepesi hupitisha miale mingi. Kofia ibaki kichwani.

Dhana: Kiwango cha vitamini D kikishuka, kosa ni la kofia na krimu ya kuzuia jua.

Hapa ndipo tunapowaonea wagonjwa. Watu wengi hupaka krimu nyembamba kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo miale kiasi bado hupenya. Kuna sababu nyingine ambazo hakuna anayeziuliza. Kwa mtu mnene, vitamini hii hujificha kwenye mafuta ya mwili. Ngozi ya mzee huitengeneza kwa shida. Ini na figo ndizo zinazoikamilisha, zikiugua kazi inasimama njiani. Rifampisini ya kifua kikuu na fenitoini ya kifafa huiharakisha kuharibika. Daktari akiona kiwango kimeshuka, aanze kwa kuuliza mgonjwa anameza dawa gani.

Kwenye karatasi ya maabara tafuta 25-OH vitamini D, ndiyo aina inayopimwa kwenye damu. Chini ya 12 ng/ml ni upungufu. 20 huwatosha watu wengi.

Chakula kinasaidia: sadini, kiini cha yai, samaki wenye mafuta. Hata uyoga ukianikwa juani hutengeneza vitamini D. Jua na lipige uyoga, mgonjwa akae kivulini.

Dhana: Vidonge vingi vitaizuia saratani.

Utafiti wa VITAL wa Marekani uliwapa watu uniti 2,000 za vitamini D kila siku. Mwaka 2018 matokeo yalionyesha kwamba idadi ya waliopata saratani haikupungua. Vidonge hujaza upungufu, basi. Mtu mzima anahitaji uniti 600 kwa siku, aliyepita miaka 70 anahitaji 800, na asivuke 4,000 bila daktari. Vikizidi sana, kalsiamu hupanda kwenye damu: kiu, kichefuchefu, kukojoa mara kwa mara, mawe kwenye figo. Aliyewahi kuugua mawe hayo aseme kabla hajaandikiwa.