Nani aliondoka na masta?

Mwaka jana mteja mmoja aliniletea kanda tatu za ADAT kwenye mfuko wa rambo. Asiyezijua akiziona hudhani ni kanda za video, na kweli kaseti yenyewe ni ileile ya S-VHS. Ila ndani yake kuna njia nane za sauti. Kanda tatu zikienda pamoja ni njia 24, yaani ngoma yenyewe kabla haijachanganywa: kiki peke yake, besi peke yake, kila rapa na njia yake. "Albamu yetu ya 2002 hii, kaka," akasema. "Haikutoka."

Kazi yangu ni kuhamisha kanda za zamani kuziingiza kwenye kompyuta. Kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam, nyingi hunifikia zimeota ukungu. Lakini kabla sijafungua kasha huwa nauliza kwanza: hii ndiyo masta, yaani rekodi ya asili, au nakala ya nakala? Na karatasi yake iko wapi?

Maswali hayo nimeyapata kwa miaka mingi ya kusaka albamu za hip hop za Marekani zilizoishia kabatini. Watu hudhani albamu ikifungiwa basi ni mbovu. Nilizofanikiwa kuzisikiliza, nyingi ni kali kuliko zilizotoka mwaka huohuo. Zilifia mezani, kwenye hesabu na kwenye woga wa wakubwa. Na kama kuna iliyokuja kupona, ukichimba utakuta habari inarudi palepale: siku mambo yalipoharibika, masta ilibaki mkononi mwa nani?

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni KMD. Lilikuwa kundi la Long Island, New York, la ndugu wawili, Daniel Dumile aliyejiita Zev Love X na mdogo wake Dingilizwe, DJ Subroc. Baba yao alitoka Zimbabwe, mama yao Trinidad. Walisaini Elektra, lebo yaani kampuni ya kutoa muziki, na albamu yao ya kwanza, Mr. Hood, ikatoka 1991, ya kichangamfu na utani mwingi. Ya pili waliiita Black Bastards, nayo ilikuwa na giza na hasira. Wakiwa katikati ya kuimalizia, tarehe 23 Aprili 1993, Subroc akagongwa na gari akivuka barabara kuu moja huko Long Island, akafariki. Kaka mtu akabaki kuimaliza kazi waliyoianza wawili.

Halafu likaja suala la kava. Lilikuwa na mchoro wa Sambo, ile katuni ya dharau ambayo Wazungu wa Marekani waliitumia kwa vizazi kuwacheka watu weusi. Safari hii Sambo yuko kitanzini, amechorwa kwa mtindo wa ule mchezo wa watoto wa kukisia maneno herufi kwa herufi. Aliyewasikiliza KMD tangu mwanzo hakuhitaji kuelezwa, maana Sambo aliyepigwa mstari alikuwa nembo yao toka albamu ya kwanza. Walichokuwa wananyonga ni ile dharau. Lakini mwandishi wa jarida la Billboard, Terri Rossi, akaliona kava na kulishambulia kwa maandishi, na Elektra, zikiwa zimebaki wiki chache albamu itoke 1994, wakaisimamisha.

Ukiishia hapo utasema ni kosa la kava. Hapana. Angalia meza ile ilikuwa imekwisha kuungua kiasi gani. Elektra ilikuwa mali ya Time Warner. Mwaka 1992 kampuni hiyo ilisakamwa na vyama vya polisi, wanasiasa na hata wenye hisa wake kwa sababu ya Cop Killer, wimbo wa Body Count, bendi ya Ice-T ya muziki wa metali. Mwaka huohuo albamu ya rapa aitwaye Paris ikakataliwa, na ya Kool G Rap na DJ Polo nayo Warner wakagoma kuisambaza kwa sababu ya kava lake. Mwanzoni mwa 1993 Ice-T mwenyewe akaondoka. Hivyo mchoro wa Zev ulitua kwenye ofisi ambayo kila mtu alikuwa anaogopa kuwa wa kwanza kusema "itoke". Mzee mmoja aliyenifundisha kazi alizoea kusema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo wenyewe ulikuwa kava la KMD.

Sasa ndipo ilipo sehemu muhimu. Dante Ross, aliyewaleta KMD Elektra, amesimulia kwamba walimwachia Dumile aende zake na dola 20,000 pamoja na masta zake. Kiasi hicho kwa lebo kubwa ni hela ya chai. Masta ndiyo habari. Lebo za miaka ile hazikuwa na desturi ya kurudisha masta. Hata albamu wasiyoitaka waliishikilia, maana huwezi kujua kesho. Nionavyo mimi, Elektra waliirudisha kwa sababu walitaka jambo lile liwe mbali nao kabisa. Woga wao ndio uliomwokoa.

Dumile akapotea miaka kadhaa. Aliporudi, karibu 1997, alikuwa na jina jipya, baadaye na barakoa ya chuma, na santuri zake zikitolewa na Fondle 'Em, lebo ndogo ya Bobbito Garcia. Mwaka 1999 ikatoka Operation: Doomsday, na ulimwengu ukamjua kama MF DOOM. Black Bastards ilikuwa inazunguka kimagendo muda wote huo. Ikatoka rasmi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hakuna wakili wa Time Warner aliyebisha hodi, kwa kuwa haikuwa mali yao tena.

Nieleze kidogo kwa nini kuifungia albamu ni rahisi kwa lebo kuliko mtu wa nje anavyodhani. Mkataba wa kawaida wa wakati ule ulimpa msanii malipo ya awali, na studio nayo ikalipwa na lebo. Hela yote hiyo ni deni la msanii, linalokatwa kwenye mirabaha yake mpaka liishe. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, deni ni dola 300,000 na mrabaha wake ni dola moja kwa kila nakala: atauza nakala 300,000 kabla hajaona senti. Kwa lebo, hizo 300,000 zimeshatoka mfukoni. Hazirudi kwa kuogopa. Swali lililo mezani ni kama waongeze nyingine, pengine zaidi ya hizo, za kuchapa, video na kusukuma redioni. Mtu wa hesabu akisema "tuache hapahapa", hakuna wa kumlaumu. Na katika mikataba mingi lebo hailazimiki kutoa albamu. Inalazimika kuilipia tu. Wakati huohuo msanii hawezi kwenda kuitoa kwingine, na mara nyingi haruhusiwi hata kuzirekodi upya nyimbo zilezile kwa miaka kadhaa. Amefungwa kwa kazi isiyosikika.

Ndiyo maana albamu nyingi za aina hii hazina hata kashfa ya kusimulia. Mtayarishaji Pete Rock alipewa lebo yake ndogo, Soul Brother Records, chini ya Elektra hiyohiyo. Akatengeneza albamu ya kundi la InI, alimokuwamo mdogo wake Grap Luva. Ilirekodiwa 1995. Singo ya Fakin' Jax ikatoka, ikapigwa, watu wakasubiri, kimya. Albamu ya Deda chini ya mkono wa Pete Rock huyohuyo ikaenda njia hiyohiyo. Hakuna aliyepigwa marufuku wala kuandikwa magazetini. Mwaka 2003 lebo ya BBE ya London ikazitoa zote mbili pamoja. Large Professor naye, mmoja wa waliotengeneza biti za Illmatic, albamu ya Nas, alikuwa na albamu kwenye lebo ya Geffen. Singo mbili 1996, kisha kabati. Ilitoka rasmi 2009.

Katika miaka hiyo ya katikati ndipo mimi na wenzangu tulipozisikia, na hapa acha nijibu swali ninaloulizwa sana: mbona nakala za zamani zina sauti mbovu vile?

Lebo ilipokaribia kutoa albamu ilituma kaseti za promo kwa madijei na waandishi. Kaseti moja ikitoka mkononi mwa dijei asiye na siri, inanakiliwa kwenda kaseti nyingine, hiyo inapelekwa kwa mchapaji wa santuri za magendo, na santuri ile baadaye mtu anaigeuza MP3. Kila hatua inaongeza mvumo na kula sauti za juu, hasa hi-hati na herufi za "s". La pili ni mwendo. Deki za kaseti hazilingani kasi, kwa hiyo albamu nzima hupanda au kushuka kidogo, na rapa anasikika kana kwamba ana mafua au amevuta pumzi ya puto. Nina nakala mbili za albamu moja zinazopishana karibu nusu noti. Wapo wanaoapa kwamba ile ya magendo ndiyo "yenye ladha". Sibishani nao; ladha ya kitu ulichokisikia ukiwa na miaka 17 hairekebishwi na fundi.

Masta ya kweli ya studio kubwa za wakati ule ilikuwa utepe mpana wa inchi mbili. Matoleo fulani, Ampex 456 hasa, yana ugonjwa wake: gundi inayoshika chembe za sumaku hunyonya unyevu ikawa kama ulimbo. Ukiucheza hivyo utepe unalia na kuacha tope jeusi kwenye vichwa vya mashine. Dawa yake ni kuuoka. Ndiyo, kuuoka, kwenye joto la nyuzi 54 hivi kwa saa nane au zaidi, ukauke, kisha una wiki chache za kuunakili kabla haujalewa unyevu tena. Mara ya kwanza niliposhika kidude cha kuweka joto huku mkono ukitetemeka, mke wangu aliuliza kama nakaanga mihogo.

Kuna tatizo jingine la albamu iliyochelewa: sampo, yaani vipande vilivyochukuliwa kwenye nyimbo za wengine. Desemba 1991 Jaji Kevin Thomas Duffy wa New York alimhukumu rapa Biz Markie na Warner kwa kutumia kipande cha wimbo bila kibali, na akaanza hukumu yake na amri ya Biblia, usiibe. Toka hapo kila kipande kina bei. Albamu ya 1995 ukiitoa 2009, wenye vipande wameshajua thamani yao.

Rapa Q-Tip alipitia ya kwake kwenye lebo ya Arista. Kamaal the Abstract, ambamo anaimba kuliko kurapu na ala zinapigwa na watu, ilifika hadi kwa wahakiki, ikasimamishwa 2002, ikatoka 2009. Nas yeye alivuja. Nyimbo zake za 1998 zilitoka kwenye intaneti mapema, mpango wa albamu mbili ukavunjwa, na 2002 lebo ikakusanya mabaki ikayauza kwa jina la The Lost Tapes. Aliyesema uvujaji unaua biashara hakuiona hiyo.

Lil Wayne ni mfano wa kisasa, na wa hela kubwa. Desemba 2014 aliandika Twitter kwamba Baby na lebo ya Cash Money wanakataa kutoa Tha Carter V na kwamba yeye ni mfungwa. Baby ndiye Birdman, mtu aliyekuwa kama baba kwake tangu utotoni New Orleans. Januari 2015 akafungua kesi akidai dola milioni 51 na kuachiwa. Walipatana 2018, na albamu ikatoka tarehe 28 Septemba mwaka huo, siku moja baada ya kutimiza miaka 36. Baada ya miaka minne ya kabati, wiki ya kwanza peke yake ikahesabiwa kuwa na mauzo ya takriban 480,000. Nilipoisikiliza nilihisi vipande vya vipindi tofauti vya maisha vimeshonwa pamoja. Albamu ikikaa sana fundi huigusagusa mpaka inasahau ilitaka kusema nini.

Na kuna kinyume cha KMD. Wu-Tang Clan walitengeneza Once Upon a Time in Shaolin kwa nakala moja tu duniani. Martin Shkreli, mfanyabiashara wa dawa, aliinunua 2015 kwa dola milioni mbili, serikali ya Marekani ikamnyang'anya alipohukumiwa kwa ulaghai, ikaiuza 2021 kwa kikundi cha PleasrDAO kwa milioni nne. Mwenye nakala anayo mkononi, anaweza kuialika hadhira ikae isikilize, kama ilivyofanyika kwenye jumba la makumbusho la Mona huko Tasmania Juni 2024. Lakini sharti la mauzo ya kwanza lilikataza kuitoa kibiashara hadi mwaka 2103. Amepata nakala, hakupata ruhusa.

Turudi kwa mteja wangu. Kanda zile zilinichukua wiki mbili. Mashine tatu za ADAT zinapaswa kukimbia kwa pamoja kama vijana wa gwaride, na moja yangu ni mgonjwa. Kanda ya pili ilikatika dakika chache, lakini njia nyingi zilitoka safi, hata kikohozi cha mtu kabla ya mstari wa kwanza. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akafunga macho, akawa anawarapia wenzake mistari yao neno kwa neno. Mmoja wao hayupo tena.

Akaniuliza kama wiki ijayo anaweza kuipandisha mtandaoni. Nikamwomba ile karatasi. Akatoa pochi, ndani yake stakabadhi iliyokunjwa mara nne, wino umefifia, ya msambazaji mmoja wa wakati ule. Iliandikwa kwa mkono: nimepokea kiasi kadhaa, nimeuza masta na haki zote. Chini yake sahihi yake mwenyewe, ya kijana wa miaka 20.

"Masta si hii hapa?" akasema, akizigonga kanda kwa kidole.

Nikamwambia msambazaji alichukua DAT, kanda ndogo ya nyimbo zilizokwisha kuchanganywa, na hizi za ADAT zilibaki studio kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuziulizia. Kwamba "masta" kwenye stakabadhi ile inaweza kusomwa hivi au vile, amwone wakili. Akaikunja tena mara nne, akairudisha kwenye pochi, akaniomba nimrudishie ule wimbo wa tatu tangu mwanzo.