Mfiduo si kipimo cha dawa

Kwenye mafunzo ya wapulizaji wa viuatilifu, msimamizi mmoja wa shamba la maua aliulizwa kama wanapima mfiduo wa wafanyakazi. "Kila asubuhi," akajibu, huku akiinua kikombe cha plastiki chenye mistari ya mililita. Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno.

Mfiduo ni kiasi cha kiuatilifu kinachomfikia mtu: kinachotua ngozini, kinachovutwa puani, kinachomezwa kwa mikono isiyonawa. Basi.

Lugha nayo ina lawama kidogo. "Kipimo" kwetu ni dozi, ni kifaa, na ni uchunguzi wa maabara, vyote kwa neno moja. Na kiuatilifu tunakiita "dawa", ilhali jina lenyewe halifichi kitu: kiua, kisha tilifu, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya kuharibu. Kinaua kinachotilifu mazao. Ukishakiita dawa, "kupima dawa" inasikika kama jambo la kheri, hata kama anayepima kafungua chupa kwa meno.

Wapulizaji wawili wakichanganya kifuniko kilekile kwa bomba la lita 16, dozi ni moja. Lakini bomba la mmoja linavuja na shati limemganda mgongoni, mwenzake ni mkavu. Kikombe hakiwezi kukuambia hilo. Ndiyo maana watafiti Durham na Wolfe, mwaka 1962, walieleza njia ya kumbandika mfanyakazi vipande vya kunasa matone kifuani, mgongoni na mikononi, kisha kuvipeleka maabara. Viganja huoshwa na maji yake yakapimwa. Wengine hutafuta mabaki kwenye mkojo.

Wapo pia wa "tumepima damu, wako salama". Kinachopimwa humo ni kolinesterasi, kimeng'enya cha damu, nacho huonyesha athari, si mfiduo, tena ya viuatilifu vya aina mbili tu, oganofosfeti na kabameti. Aliyeloa pairethroidi, aina nyingine ya kiuatilifu, anaweza kuwa na majibu mazuri kabisa. Na kiwango hutofautiana mtu na mtu, hivyo bila kipimo cha kabla ya msimu huna cha kulinganisha. Kanuni za California, Marekani, humwondoa mfanyakazi kwenye kazi ya oganofosfeti na kabameti kolinesterasi ya chembe nyekundu za damu ikishuka hadi asilimia 70 ya kiwango chake mwenyewe cha awali.

Kwa hiyo msimamizi wetu hakudanganya aliposema wanapima kila asubuhi. Wanapima dawa. Watu bado.