Roboti ya LEGO: anza na rula, skrini itafuata

Wazazi huniuliza wanunue seti ipi. Nunua ile unayoimudu. LEGO waliachana na Mindstorms, seti zao za roboti, mwishoni mwa 2022, lakini EV3, Mindstorms ya mwaka 2013, hata iliyokwisha tumika, inafundisha mambo yaleyale ya SPIKE Prime, seti yao ya shule. Zote zina mota zinazohesabu zimezunguka nyuzi ngapi, na hilo ndilo ninaloliangalia kwanza.

Mwanafunzi mpya hukimbilia skrini na kuamuru roboti iende mbele kwa sekunde 3. Hapo hajaiambia umbali. Mzigo ukiongezeka au betri ikipungua, sekunde zilezile zinaweza kuifikisha kwingine. Kwa hiyo somo langu la kwanza ni la rula. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimeta 5.6 lina mzingo wa sentimeta 17.6 hivi, yaani kipenyo mara pai (3.14). Safari ya sentimeta 88 ni mizunguko 5, yaani nyuzi 1,800. Mtoto anayeichukia pai kwenye daftari huanza kuelewana nayo akiiona inatembea sakafuni.

Utamu uko kwenye kugeuka. Tuseme magurudumu yameachana sentimeta 12, na roboti igeuke nyuzi 90 palepale iliposimama, gurudumu moja likienda mbele na jingine likirudi nyuma. Kila gurudumu linachora robo ya duara lenye kipenyo cha sentimeta 12. Pai imo kwenye duara hilo na kwenye mzingo wa gurudumu, basi inakatwa pande zote mbili, inabaki 90 × 12 ÷ 5.6, karibu nyuzi 193. Matairi yakiteleza utapungukiwa kidogo, basi pima na uongeze.

Gia sizikawizi. Yenye meno 8 ikisukuma yenye meno 24, mwendo unagawanywa kwa 3 na nguvu ya kuzungusha inakaribia kuwa mara 3, ukitoa msuguano.

Kisha tunafuata mstari mweusi. Kwa kweli roboti inafuata ukingo wake, pale nyeusi inapokutana na nyeupe. Kihisi cha mwanga kinamulika sakafu na kusoma mwanga unaorudi, kuanzia 0 hadi 100. Nyeupe ikisoma 85 na nyeusi 15, katikati ni 50. Programu ya mwanzo husema: ukiona zaidi ya 50 kata kulia, ukiona pungufu kata kushoto. Inafanya kazi, ila roboti inayumba kama mlevi, maana haijui imekosea kidogo au sana.

Dawa ni kuzidisha. Chukua usomaji, toa 50, zidisha kwa 0.6, jibu liwe kiasi cha kukata kona. Ikisoma 65 inakata 9 kulia. Ikisoma 52 inakata 1.2 tu, hutaona hata ikigeuka. Hapa namwacha mwanafunzi apandishe ile 0.6 kidogo kidogo mpaka roboti ianze kutetemeka, kisha ashuke hatua moja. Simpi namba, kwa sababu kila roboti ina yake: uzito, mwendo na mahali kihisi kilipofungwa vyote vinaibadilisha.

Kihisi kifungwe karibu na sakafu, kiasi cha sentimeta moja, mwanga wa dirishani usiingilie. Na kwenye FIRST LEGO League, mashindano ya roboti ya wanafunzi, ambako roboti hupewa dakika mbili na nusu, taa za ukumbini si za darasani: pima nyeupe na nyeusi upya kwenye meza ya mashindano, halafu badilisha ile 50.