Shahada ya Mawasiliano si Mafunzo ya Utangazaji Pekee

Wazazi wengi huamini kwamba kijana anayesomea habari na mawasiliano chuo kikuu anakwenda kujifunza kutangaza tu, kwa hiyo mwenye sauti nzuri hana haja ya kukaa darasani miaka 3. Dhana hiyo si sahihi, na inasikitisha kuona inavyowakatisha tamaa vijana wenye uwezo.

Utangazaji ni sehemu ndogo ya masomo hayo. Mwanafunzi husoma sheria, ikiwemo, kwa Tanzania, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Husoma maadili, mbinu za utafiti, uhusiano wa umma na matumizi ya takwimu. Tuchukue mfano mmoja: taarifa inasema kiwango cha riba kimepanda kutoka asilimia 10 hadi 15. Asiyefundishwa ataandika kwamba riba imepanda kwa asilimia 5, ilhali imepanda kwa pointi 5 za asilimia, yaani nusu nzima ya kiwango cha awali. Msomaji mwenye mkopo benki anaweza kufanya uamuzi mbaya kwa kosa hilo moja.

Ni kweli kwamba wapo watangazaji hodari ambao hawakupita chuoni, na kipaji chao kinastahili heshima. Hata hivyo, wahitimu wengi hawaonekani kabisa kwenye runinga, kwa sababu wanafanya kazi katika ofisi za mawasiliano za wizara, halmashauri, hospitali na mashirika, wakiandaa taarifa ambazo mtangazaji huja kuzisoma.