Gulnara Galkina: dakika tisa zilizongojwa miaka minne

Kila ninapopokea wasichana wapya wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji, siku ya kwanza hatukimbii. Ninawapeleka kwenye kiunzi na kuwaambia wakisukume. Anajaribu mmoja, wanajaribu wawili, hakitikisiki. Kiunzi kimoja kina uzito wa kilo 80 hadi 100, na gogo lake la juu lina unene wa sentimita 12.7. Kiunzi cha mita 100 ukikigonga kinaanguka, nawe unaendelea na mbio. Hiki ukikigonga, unaanguka wewe. Wakishalielewa hilo kwa mikono yao wenyewe, ndipo ninapowaonyesha fainali ya Olimpiki ya Beijing, Agosti 17, 2008, na kuwaomba wamtazame mwanamke mmoja tu: Gulnara Galkina wa Urusi, ambaye wengi wetu tulimjua kwanza kwa jina la Samitova.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini mkufunzi wa Kenya, nchi ya Amos Biwott, bingwa wa Olimpiki wa mbio hizi mwaka 1968, na wote waliomfuata, anafundisha kwa kumtumia Mrusi. Jibu langu ni refu kidogo.

Galkina alizaliwa mwaka 1978 huko Naberezhnye Chelny, mji wa Tatarstan ulio kando ya mto Kama, ambako hutengenezwa malori ya KAMAZ. Jina Gulnara lina asili ya Kiajemi na maana yake ni ua la mkomamanga. Alipoanza kung'ara, mbio hizi kwa wanawake zilikuwa changa mno. Wanaume walikuwa wakiruka viunzi vya mita 3,000 kwenye Olimpiki tangu 1920. Wanawake hawakuwa na mbio hizo Olimpiki, wala katika Mashindano ya Dunia. Rekodi ya dunia ilikuwepo, lakini ilikuwa ikibadilika kila baada ya muda mfupi kama bei ya nyanya sokoni. Mwaka 2002 Justyna Bąk wa Poland alikimbia 9:22.29. Muda si muda Alesya Turova wa Belarusi akaishusha, kisha akaishusha tena hadi 9:16.51. Agosti 2003, mjini Tula, Samitova akakimbia 9:08.33. Kwa siku moja alikata zaidi ya sekunde nane.

Halafu likaja jambo ambalo mpaka leo linaniuma kwa niaba yake. Julai 4, 2004, mjini Iraklio katika kisiwa cha Krete, alikimbia 9:01.59. Krete ni Ugiriki, na mwezi uliofuata Olimpiki ilikuwa Athens, Ugiriki hiyohiyo. Mwanamke bora kuliko wote duniani katika mbio zake alikuwa tayari kabisa, lakini mbio zenyewe hazikuwemo kwenye ratiba. Ilimbidi akimbie mita 5,000, mbio tambarare, dhidi ya Meseret Defar, Tirunesh Dibaba na Isabella Ochichi wetu. Akarudi nyumbani bila medali.

Mashindano ya Dunia yaliwafungulia wanawake mlango mwaka 2005 mjini Helsinki, na dhahabu ya kwanza ikaenda kwa Docus Inzikuru wa Uganda. Mwaka 2007 mjini Osaka alishinda Mrusi mwingine, Yekaterina Volkova, kwa 9:06.57. Kwa hiyo mwenye rekodi ya dunia alifika Beijing, ambako wanawake walikuwa wakikimbia mbio hizi Olimpiki kwa mara ya kwanza, bila taji kubwa hata moja katika mbio alizozisukuma mbele kuliko mtu yeyote.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo mbio hizi zinapovutia. Kukimbia dakika tisa kamili ni sawa na dakika tatu kwa kila kilomita, au sekunde 72 kwa kila mita 400. Kati ya 9:01.59 na 8:58.81, muda wa Beijing, kuna sekunde 2.78. Mkimbiaji anaruka mara 35: viunzi vikavu 28 na maji mara saba. Gawanya 2.78 kwa 35 unapata kama sehemu nane za mia za sekunde kwa kila kiunzi. Huo ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Msichana anayekata hatua kabla ya kiunzi, ile tabia ya kupiga vihatua vifupivifupi kwa woga, anapoteza zaidi ya hapo kila anaporuka, na bado inambidi atumie nguvu kuirudisha kasi aliyoiacha nyuma.

Beijing hapakuwa na mweka kasi, yaani mkimbiaji anayetangulia ili kuwavuta wenzake. Fainali za mashindano makubwa hazina. Galkina alikwenda mbele mwenyewe na kuongoza sehemu kubwa ya mbio. Watu huliona hilo kama ujasiri tu, lakini lina faida ya kiufundi. Ukiwa katikati ya kundi, kiunzi hukioni mpaka aliye mbele yako ameruka. Unabahatisha hatua zako, na viwiko vimekuzunguka kila upande. Aliye mbele anakiona kiunzi kutoka mbali na anajipanga mapema. Gharama yake ni upepo na upweke, na si wengi wanaoiweza gharama hiyo kwa mizunguko saba.

Kwenye maji ninasimamisha video. Bwawa lina kina kirefu karibu na kiunzi, kisha sakafu yake inapanda taratibu hadi usawa wa uwanja. Mguu mmoja unakanyaga juu ya gogo, mwili unabaki chini, halafu unasukuma kwenda mbele, si kwenda juu. Ukirukia juu utashuka kama gunia, penye maji mengi. Ukisukuma mbele unatua penye maji kidogo, na hatua ya pili iko pakavu. Wasichana wangu hucheka wanaponiona nikiionyesha hiyo kwa mguu wangu mzee kwenye ukingo wa saruji, lakini wiki ya pili wanaanza kuifanya.

Galkina alimaliza kwa 8:58.81, mwanamke wa kwanza duniani kukimbia chini ya dakika tisa. Eunice Jepkorir wa Kenya alishika nafasi ya pili kwa 9:07.41, takriban sekunde tisa nyuma, na medali yake ya fedha ilikuwa ya jasho. Mwaka uliofuata, kwenye Mashindano ya Dunia mjini Berlin, Galkina alivuka mstari akiwa wa nne, nyuma ya Milcah Chemos wetu. Kilele chake kilikuwa Beijing.

Siwezi kuandika kuhusu kizazi hicho cha Urusi nikaacha habari za dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Volkova, aliyekuwa wa tatu Beijing, alinyang'anywa medali yake miaka minane baadaye sampuli zilipopimwa upya. Yuliya Zaripova alishinda London 2012, naye akapokonywa. Dhahabu ikaenda kwa Habiba Ghribi wa Tunisia. Siku ile ya London, Chemos alikuwa wa nne, sehemu nne tu za mia za sekunde nyuma ya Sofia Assefa wa Ethiopia. Shaba ikawa ya Chemos kwa uamuzi wa mwaka 2016. Hakuna uamuzi unaoweza kumrudishia jukwaa la usiku ule, bendera, na macho ya watu wa nyumbani. Ushindi wa Galkina wa Beijing haukubatilishwa.

Rekodi yake ya dunia ilidumu miaka minane, mpaka Ruth Jebet, mzaliwa wa Kenya aliyeiwakilisha Bahrain, alipoandika 8:52.78 mjini Paris Agosti 2016. Mwaka 2018 Beatrice Chepkoech akaipeleka hadi 8:44.32 mjini Monaco. Lakini rekodi ya Olimpiki haikuguswa. Jebet alishinda Rio kwa 8:59.75, ambayo haikutosha. Peruth Chemutai wa Uganda alishinda Tokyo bila kuifikia. Nasi Wakenya, pamoja na utajiri wetu wote kwenye viunzi, bado hatujashinda dhahabu ya Olimpiki ya wanawake katika mbio hizi.

Niliitazama fainali ya Paris ya 2024 pamoja na wanafunzi wangu, kalamu mkononi. Winfred Yavi wa Bahrain, mzaliwa wa Kenya, alishinda kwa 8:52.76, na hapo rekodi ya Olimpiki ikaondoka baada ya miaka 16. Chemutai akawa wa pili, Faith Cherotich wetu wa tatu. Wasichana walikuwa wakimshangilia Faith, mimi nikawa bado natazama saa ikimngoja wa nne. Alikuwa Alice Finot wa Ufaransa: 8:58.67. Rekodi ya Ulaya nayo ikawa imetoka mikononi mwa Galkina, kwa sehemu 14 za mia za sekunde.