Ndege Kujaa Siyo Faida

Jumapili nimesikia tena maneno yale yale, kwenye kijiwe cha kahawa pale Mwanga, hapa Kigoma. Baba mdogo alikuwa ametua kutoka Dar siku iliyotangulia, ndege imejaa hadi siti ya mwisho, na kikombe hakijapoa alikwisha kupiga hesabu: watu 76 mara nauli yake, yote hayo kwa saa mbili, halafu tunaambiwa ATCL, shirika la ndege la taifa, linapata hasara! Waliomzunguka wakatikisa vichwa kukubali. Nimefanya kazi ya kupanga ratiba na nauli za ndege kwa miaka mingi, na hesabu hii nimeisahihisha harusini, misibani na ndani ya basi. Nimechoka kuisahihisha kwa mdomo.

Kwanza, baba mdogo amezidisha nauli yake mwenyewe, na yeye alikata tiketi siku mbili kabla ya safari, bei ikiwa imeshapanda. Jirani yake wa dirishani huenda alilipa nusu ya hiyo. Hilo halihitaji maelezo mengi.

Linaloniudhi ni la pili. Mtu huona ndege aliyopanda, haoni ile iliyorudi. Chukua wiki ya Krismasi. Watoto wa Kigoma walioko Dar wanarudi nyumbani, kila siti imeuzwa. Ndege hiyo hiyo inageuka baada ya nusu saa kurudi Dar, na nani anaondoka Kigoma tarehe 23 Desemba? Tuseme ni watu 30. Siti zilizoruka kwenda na kurudi ni 152, zilizouzwa ni 106, karibu asilimia 70. Januari mambo yanageuka: kutoka Kigoma imejaa, kuja Kigoma ni tupu. Rubani, mafuta, bima na ada za kutua havipungui kwa sababu siti ziko wazi. Ndiyo maana nauli ya upande uliojaa hupanda kiasi kile: inabeba na upande mtupu. Anayelipia ndege iliyojaa ameilipia pia ile ambayo hakuipanda.

Na umbali una bei yake. Dar hadi Mwanza ni kama kilomita 850 angani. Dar hadi Kigoma zinakaribia 1,080. Mafuta ya ndege yanaingia nchini hasa kupitia bandari ya Dar es Salaam, kwa hiyo lita inayochomwa kutoka huku imesafiri zaidi ya kilomita elfu moja, ama kwa nchi kavu ama ndani ya tangi la ndege yenyewe, na tangi zito linakula mafuta zaidi. Ndege ikipitia Tabora, kuna kutua kwa ziada, na breki na magurudumu huchakaa kwa idadi ya kutua, si kwa kilomita. Kisha vipuri, injini, bima: vyote kwa dola. Tiketi tunauza kwa shilingi. IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, ilikadiria kwamba mwaka 2025 mashirika ya dunia nzima yangebaki na faida ya dola kama 7 kwa kila abiria. Afrika, dola moja na ushee. Bei ya soda chache ndiyo inayotenganisha faida na hasara, na siku moja tu ya ndege kuegeshwa huimaliza.

Wapo watakaosema mbona Fastjet, shirika la nauli nafuu, ilipoanza Novemba 2012 iliuza siti za Dar–Mwanza na Dar–Kilimanjaro kuanzia shilingi 32,000? Iliuza, na ilikuwa raha kweli. Kufikia mwisho wa Desemba 2018 haikuwa ikiruka tena.

Sasa lile linalonikera kuliko yote. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ya mwaka wa fedha 2023/24 ilionyesha ATCL imepata hasara ya shilingi bilioni 91.8, na watu wakapiga kelele. Ni sawa kupiga kelele. Hitilafu za injini zilizofanya ndege zake za Airbus A220 ziegeshwe ni suala zito, na usimamizi lazima uhojiwe. Lakini wanaopiga kelele ndio hao hao wanaotaka safari za Kigoma ziongezwe na nauli ishuke. Serikali inaponunua ndege na kulikodisha shirika lake, kisha ikalitaka lifike hata pasipolipa, hiyo ni huduma ya jamii kama barabara. Barabara ya Kigoma hatuiulizi faida. Kwa nini basi gharama ya huduma hii izamishwe ndani ya hasara ya shirika, mahali ambapo haionekani na uzembe wa kawaida unajificha nyuma yake?

Wenzetu huiandika gharama hiyo wazi, kama ruzuku. Marekani walipoachia huru nauli mwaka 1978, sheria ile ile iliweka fedha za kulinda safari za miji midogo. Norway hutangaza zabuni kwa njia za viwanja vidogo vya kaskazini: nani ataruka kwa ruzuku ndogo zaidi. India ina mpango wa UDAN, unaofidia pengo la mapato na kuweka ukomo wa nauli kwa sehemu ya siti.

Nakiri ugumu mmoja. Kusema njia fulani ina hasara kiasi gani kunategemea aliyegawa gharama. Mshahara wa mhasibu aliyeko Dar, karakana, riba: kiasi gani ni cha Kigoma? Nimewahi kukaa mezani njia moja ikahama kutoka faida hadi hasara kwa kubadili fomula tu, hakuna abiria aliyepungua. Kwa hiyo ruzuku ikiandikwa, fomula iandikwe pembeni yake.

Na kuna nauli ya msiba. Kanuni ya kupanga nauli tuliyoitumia inasema anayenunua siku ya mwisho ana shida kubwa, basi atalipa zaidi. Kwa mfanyabiashara anayewahi mkutano inafanya kazi vizuri. Kwa binti aliyepigiwa simu usiku kwamba mama amefariki Ujiji, kompyuta inamsoma vile vile kama mfanyabiashara. Niliitekeleza kanuni hiyo kwa miaka, na sijawahi kuitetea mbele ya mfiwa. Ukija mpango wa ruzuku, siti chache za bei ya kawaida hadi saa ya mwisho, kwa safari za Kigoma na Tabora, ningezidai kabla ya kitu kingine chochote.

Baba mdogo nilimweleza yote haya. Akanywa kahawa yake, akauliza ile ndege iliyomleta ilirudi Dar na watu wangapi.