"Korona Imo": Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Bima ya Safari Wakati wa Janga

Machi 2020, mipaka ilipokuwa ikifungwa mmoja baada ya mwingine, wasafiri wengi walizifungua hati zao za bima kwa mara ya kwanza. Walikuwa wamezilipia bila kuzisoma. Wengi walikuta kwamba walichokiamini hakimo, na kilichomo hawakuwa wamekiwazia. Dhana za wakati ule hazijafa. Kila unapotangazwa mlipuko mpya, huibuka tena.

"Bima ya safari hulipa chochote kitakachoiharibu safari."

Hii ndiyo inayozaa nyingine zote. Bima nyingi za safari hulipa kwa sababu zilizotajwa: umeugua, ndugu wa karibu amefariki, umepata ajali, mizigo imepotea. Sababu yako ikiwa kwenye orodha, unalipwa. Isipokuwapo, hulipwi, hata kama hasara ni ya kweli na inauma.

Tena hati moja huwa na bima kadhaa ndani yake. Kuna sehemu ya kufuta safari kabla hujaondoka, ya kukatiza safari ukiwa umeshafika, ya matibabu, ya kurudishwa nyumbani ukiwa mgonjwa, na ya mizigo. Janga linaweza kukubaliwa sehemu moja na kukataliwa sehemu inayofuata. Baada ya miezi ya mwanzo ya 2020, kampuni nyingi zilianza kuichukulia Korona kama ugonjwa mwingine wowote: ukiupata safarini, gharama za hospitali zinalipwa. Lakini hati hizohizo, kurasa chache mbele, zilisema kwamba mipaka kufungwa, amri ya kutotoka nje au ndege kuacha kuruka kwa sababu ya janga si hasara ya kufidiwa. Kwa hiyo wakala akikwambia "Korona imo", muulize imo sehemu gani. Akuonyeshe ukurasa. Kisha nenda mwenyewe kwenye orodha ya mambo yasiyofidiwa, maana hapo ndipo kampuni husema ukweli wake wote, kwa herufi ndogo.

"Nitasubiri kwanza nione hali. Ikichacha, nitanunua."

Ikichacha, umechelewa. Bima huuzwa kwa jambo ambalo halijatokea na halitarajiwi. Likishajulikana na kila mtu, kampuni huliweka kwenye kundi la matukio yanayofahamika, na yeyote anayenunua baada ya tarehe hiyo hawezi kudai fidia ya kufuta safari kwa sababu ya tukio hilo.

Angalia ilivyokuwa kwa Korona. Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa ya afya tarehe 30 Januari 2020, na neno "janga" likatumika tarehe 11 Machi. Kampuni kadhaa za Marekani hazikungoja tangazo lolote kati ya hayo. Zilikwisha kuweka ukomo katika wiki ya tatu na ya nne ya Januari. Aliyenunua Februari, huku akidhani amewahi kwa sababu janga lilikuwa bado halijatangazwa, alikuwa nje ya muda. Tarehe inayohesabika ni ile ambayo kampuni yenyewe imeiandika, na kwa kawaida huibandika kwenye tovuti yake. Itafute kabla ya kulipa.

"Nikiona hatari, nitafuta safari na kurudishiwa pesa."

Hofu, hata iwe ya busara kiasi gani, haimo kwenye orodha ya sababu. Wapo wanaoona huu ni ukatili wa kampuni. Mimi naona ni hesabu tu: hofu haipimiki, na kisichopimika hakikatiwi bima kwa bei ya kawaida.

Kwa bei isiyo ya kawaida, hilo linawezekana. Kuna nyongeza inayokuruhusu kufuta safari kwa sababu yoyote ile, na katika soko la Marekani ina masharti yanayofanana kutoka kampuni hadi kampuni. Huinunui peke yake, bali juu ya bima ya kawaida. Inunuliwe mapema, mara nyingi ndani ya siku 14 hadi 21 tangu ulipotoa malipo ya kwanza ya safari. Ukatie bima gharama zote ambazo huwezi kurudishiwa kwingine, si nusu yake. Ufute saa 48 au zaidi kabla ya kuondoka. Ukitimiza yote hayo, hurudishiwi kila kitu, bali asilimia 50 hadi 75. Safari ya dola 2,000 kwa kiwango cha asilimia 75 inakupa dola 1,500. Zilizobaki 500, pamoja na ada ya bima yenyewe, zimekwenda. Kwa mwenye mgonjwa nyumbani au mwenye kazi isiyotabirika, nyongeza hii ina maana. Kwa tiketi ya bei nafuu inayoruhusu kubadili tarehe, sioni sababu ya kuilipia.

"Serikali ikikataza kusafiri, bima italipa."

Huenda ikalipa, huenda ikafutika. Tarehe 17 Machi 2020 serikali ya Uingereza iliwashauri raia wake wasisafiri nje isipokuwa kwa jambo la lazima. Ushauri wa namna hii ukitoka baada ya kununua bima, baadhi ya hati hukulipa ukifuta, nyingine hazigusi kabisa. Lakini ushauri ukitoka kabla hujaondoka, nawe ukasafiri hivyohivyo, hati nyingi hufa palepale, na si kwa Korona tu. Ukivunjika mguu kwenye ngazi za hoteli, jambo lisilohusiana na virusi vyovyote, unaweza kujikuta ukijilipia mwenyewe. Soma ushauri wa serikali yako kuhusu nchi unayokwenda siku ya kununua, na urudie siku ya kuondoka.

"Karantini hulipwa na bima."

Inategemea nani amekuweka karantini na kwa nini. Kuanzia tarehe 15 Februari 2021, wasafiri walioingia Uingereza kutoka nchi zilizokuwa kwenye orodha nyekundu, yaani zilizohesabiwa hatari zaidi kwa Korona, walilazimika kukaa hotelini siku 10, kwa pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja. Agosti mwaka huohuo bei ikapanda hadi pauni 2,285. Kwa macho ya kampuni ya bima, hiyo si ajali. Ni gharama inayojulikana kabla ya safari, inayomkuta kila abiria, na kwa kawaida hailipwi.

Hali ni tofauti ukipimwa ukakutwa na virusi siku mbili kabla ya kurudi, daktari akakuzuia kupanda ndege. Hapo hati nyingi hulipa, ila kwa kipimo: kiasi fulani kwa siku, kwa idadi fulani ya siku. Tafuta namba hizo mbili. Uliza pia kuhusu mwenzako wa safari ambaye yeye ni mzima lakini amezuiwa kwa sababu mlilala chumba kimoja. Hapo ndipo mabishano mengi huanzia.

"Iliyokubaliwa na ubalozi inatosha."

Inatosha kwa viza. Nchi za Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hudai bima ya angalau euro 30,000, inayogharimia matibabu ya dharura, kulazwa, kurudishwa nyumbani ukiugua, na kifo. Hazikuulizi kama tiketi yako ina ulinzi ukifuta safari. Thailand wakati wa janga ilidai kwanza dola 100,000, kisha 50,000, kisha 20,000, kisha 10,000, na tarehe 1 Julai 2022 ikaondoa sharti hilo kabisa. Bei za hospitali hazikushuka namna hiyo. Kilichoshuka ni woga wa serikali na hamu yake ya kupata watalii tena. Kumrudisha mgonjwa nyumbani kwa ndege maalumu kuvuka bahari kunaweza kupita dola 100,000, kwa hiyo kiwango cha viza kisiwe ndicho kipimo chako.

Shirika la ndege nalo watu hulichanganya na bima. Ndege ikifutwa na shirika lenyewe, mdaiwa wa kwanza ni shirika. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inalitaka lirudishe nauli ndani ya siku 7, na vocha, yaani hati ya kusafiria siku nyingine badala ya pesa, ni hiari ya abiria, ingawa mwaka 2020 mashirika mengi yaliitoa kana kwamba hakuna njia nyingine. Ukishaikubali vocha, kampuni ya bima inaweza kusema umeshalipwa. Bima inayokuja na kadi ya benki nayo iangaliwe vivyo hivyo: nyingi hulipa tu kilichobaki baada ya wengine kulipa, na safari iwe imelipiwa kwa kadi hiyo.

"Nimechanjwa na mimi ni mzima, sina la kueleza."

Kisukari, presha, pumu, ujauzito: ukiulizwa, sema. Maradhi yaliyofichwa ni sababu nyepesi kabisa ya kukataa madai, na faili la hospitali halifichi kitu.

"Kudai ni kupeleka risiti tu."

Ukiumwa ugenini, piga simu ya dharura iliyo kwenye hati kabla ya kulazwa, au mtu akupigie ikiwa huwezi. Kampuni nyingi hutaka kuidhinisha hospitali kwanza. Kipimo ulichojipima chumbani kwa kawaida hakikubaliki. Kinatakiwa cheti cha maabara chenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe na saa. Daktari akikuzuia kusafiri, aandike hivyo kwa maneno kamili. Shirika la ndege au hoteli ikikataa kukurudishia pesa, omba kukataa huko kwa maandishi, kwa kuwa barua hiyo itadaiwa.

Na kama umeshanunua hati, na kusoma huku kumekutia shaka, angalia tarehe uliyoinunua. Uingereza mnunuzi kwa kawaida ana siku 14 za kuirudisha na kurejeshewa ada, mradi hajasafiri wala hajadai. Nchi nyingine nyingi zina kipindi kama hicho, kirefu au kifupi.